KALAMU ISIYOANDIKA
Somo juu ya sindano ya kila wiki ya kupunguza unene



Sisi tunaofundisha kisomo tumezoea habari za kalamu. Kalamu imekwisha wino, kalamu imepotea, mjukuu kaichukua kalamu ya bibi kwenda nayo shule. Lakini hivi karibuni mama mmoja wa kikundi chetu alitutolea kalamu ya namna nyingine. Alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela zake za sokoni. Ilikuwa nene kuliko kalamu tuliyoizoea, ina kifuniko, ina kitufe cha kuzungusha upande wa nyuma, na ubavuni ina kidirisha kinachoonyesha maji yaliyomo ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Hebu nisomeeni hii. Nimejaribu mwenyewe, nimeona namba tu. Maneno yote ni ya Kizungu."

Tukamuuliza imetoka wapi.

"Kaniletea mwanangu kutoka mjini. Eti ni ya kupunguza mwili. Nimeshachoma mara mbili. Mara ya pili ndiyo nusura nife."

Somo letu la leo limetokana na kalamu hiyo. Mama mwenyewe ametupa ruhusa tulieleze jambo lake, ila jina lake tusilitaje.

Yaliyompata

Mama huyu amepita miaka 50. Anauza maandazi na chai stendi, kwa hiyo siku nzima amekaa. Kliniki walimpima uzito wakakuta kilo 92, na kimo chake ni meta 1.60. Ana ugonjwa wa sukari mwaka wa sita sasa, na kila asubuhi humeza kidonge cha glibenklamidi. Magoti yanamuuma. Alichokuwa anakitaka siyo urembo, kama wengine walivyomcheka. Alitaka aweze tena kuinama na kupalilia shamba lake mwenyewe, maana vibarua wanammalizia faida ya maandazi.

Binti yake aliinunua kalamu hiyo kwa mtu anayeuza mafuta ya kujipaka. Hakukuwa na daktari wala cheti. Akaisafirisha ndani ya mkoba, basi zima, mchana kutwa. Akamwambia mama yake kwa simu, "Usiogope mama, huku watu wanachoma kila wiki. Zungusha mpaka mwisho, chomea tumboni, basi."

Baada ya sindano ya pili mama alikaa siku mbili hawezi kula. Akila kijiko anatapika. Siku ya tatu asubuhi akameza kidonge chake cha sukari kama kawaida, maana kliniki walimwambia asikose hata siku moja. Kabla ya saa nne akaanza kutoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno yanamtoka ovyo. Majirani wakasema amepandwa. Mjukuu wake wa darasa la sita, ambaye humsindikiza kliniki, ndiye aliyekoroga sukari kwenye kikombe cha maji na kumnywesha kidogo kidogo wakati bado anaweza kumeza. Kisha wakamkimbiza zahanati. Tunamsifu sana mtoto yule. Lakini wasomaji mfahamu kwamba mgonjwa aliyezimia hapewi kitu mdomoni, kwa kuwa kitampalia.

Sasa tuyatazame mambo haya moja moja, kwani yote yana maelezo.

Ni dawa gani hii?

Kwanza tuseme wazi: sindano yenyewe siyo uchawi, wala siyo utapeli wa mjini. Ni dawa ya kweli ya hospitali. Ile ya mama iliandikwa jina la Ozempic. Dawa iliyomo inaitwa semaglutidi, nayo hutengenezwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Marekani iliiruhusu mwaka 2017 kwa wagonjwa wa kisukari. Baadaye, mwaka 2021, dawa hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi na kwa jina la Wegovy iliruhusiwa kwa ajili ya kupunguza unene. Iko nyingine, tirzepatidi, ya kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, ambayo huuzwa kwa majina ya Mounjaro na Zepbound. Majina ni mengi, lakini dawa ni chache. Ndiyo maana tunawaambia wanakisomo siku zote: kwenye boksi la dawa usisome maandishi makubwa peke yake, soma na yale madogo yaliyo chini yake.

Inafanyaje kazi? Tukila, utumbo wetu hutoa kichocheo kinachokwenda na damu kutoa habari. Kwenye kongosho kinasema, toa insulini, chakula kimefika. Kwenye tumbo kinasema, usiharakishe kusukuma. Kwenye ubongo kinasema, tumeshiba. Shida ni kwamba kichocheo hicho hudumu dakika chache tu kikavunjika. Wataalamu wakawa wanatafuta kinachofanana nacho lakini kinachodumu.

Na hapa pana kisa ambacho wanakikundi walikipenda kuliko somo lenyewe. Katika jangwa la Arizona huko Marekani na kaskazini ya Meksiko yuko mjusi mkubwa mwenye sumu, ambaye hula mara chache sana kwa mwaka. Daktari mmoja wa New York, John Eng, alichunguza sumu ya mjusi huyo, na mwaka 1992 akatangaza kwamba ameona ndani yake kitu kinachofanana na kichocheo chetu cha shibe, lakini kigumu kuvunjika. Kutokana na kitu hicho ikapatikana dawa ya kisukari iliyoruhusiwa mwaka 2005, ya kuchoma mara mbili kwa siku. Mzee mmoja akaruka, "Kumbe mama kajichoma mate ya mjusi!" Hapana. Semaglutidi haitoki kwa mjusi. Imeigwa kichocheo cha binadamu mwenyewe, na hutengenezwa kiwandani kwa msaada wa hamira, ya jamaa moja na hii anayoumulia mama maandazi yake. Imeundwa ivumilie kukaa mwilini, na baada ya wiki nzima karibu nusu yake bado imo. Kwa hiyo inachomwa mara moja tu kwa wiki.

Likumbukeni jambo hilo la wiki, kwa sababu lina pande mbili. Ikikufaa, imekufaa wiki nzima. Ikikudhuru, huwezi kuitoa. Kidonge cha maumivu kikikukataa, kesho kimekwisha. Hii ikikukataa Jumatatu, mpaka Jumapili bado mko pamoja.

Nukta ndogo yenye kishindo

Sasa tufungue madaftari. Anayeanza semaglutidi huanzishwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki, kwa wiki nne. Kisha 0.5 kwa wiki nne. Kwa ile ya kupunguza unene, hupandishwa hivyo hivyo kila baada ya wiki nne hadi 1, halafu 1.7, na mwisho 2.4. Maana yake mtu hafiki kipimo kikubwa mpaka zipite wiki 16. Wataalamu hawakuweka ngazi hizi kwa kupenda maringo. Tumbo linahitaji kuzoea, vinginevyo ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, ambayo ndiyo matatizo yanayowapata watu wengi zaidi.

Kalamu ya mama ilikuwa ya miligramu 1. Gawanyeni 1 kwa 0.25. Jibu ni 4. Mama alianza kwa mara nne ya kipimo cha mwanzo, na hakuna aliyemwambia. Wengi darasani hulalamika kwamba nukta ya desimali ni hesabu ya wasomi wa sekondari, haina kazi kijijini. Siku ile hakulalamika mtu.

Jambo la pili ni kile kidonge. Glibenklamidi hulilazimisha kongosho litoe insulini, umekula au hujala. Sindano nayo inaongeza insulini, na tena inakuzuia kula. Ukichanganya vyote viwili bila daktari kupunguza kimoja, sukari ya damu yaweza kushuka mno. Jasho, kutetemeka na kupayuka ndizo dalili zake. Hali ni hiyo hiyo kwa anayechoma insulini. Mama hakuwa amepandwa na kitu. Aliishiwa sukari.

Kusoma boksi

Alipotuletea boksi tulifanya naye zoezi. Namba alizoziona ni 2, 8 na alama ndogo ya duara juu yake. Hizo ni nyuzi za joto. Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande hata mara moja. Iliyogandishwa hutupwa, hata ikiyeyuka. Ikishaanza kutumika huvumilia joto lisilozidi nyuzi 30, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake tu. Sasa pigeni picha ya mkoba juani, basi limesimama kizuizini, na baadaye pindo la khanga mbele ya jiko la maandazi.

Wapo waliouliza juu ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, ambacho baadhi ya wagonjwa hutunzia insulini. Chungu hupoza, ni kweli, lakini hakifiki nyuzi 8. Anayetaka kukitumia na aulize kwanza kliniki yake.

Halafu tukatafuta herufi EXP. Mbele yake huwa mwezi na mwaka wa dawa kumalizika. Tukatafuta namba ya fungu, ambayo lazima ifanane kwenye boksi na kwenye kalamu. Kisha tukaigeuza kalamu kwenye mwanga. Dawa hii inatakiwa iwe angavu kama maji ya mvua yaliyochujwa, isiyo na rangi. Ya mama ilikuwa na ukungu kidogo. Mwenyewe akasema, "Kama ni maziwa ya kuuza, haya nisingeyanunua."

Msidhani tunatia chumvi. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha dunia nzima juu ya kalamu bandia za Ozempic zilizokutwa mwaka 2023 Brazili, Uingereza na Marekani. Na huko Austria, Oktoba 2023, watu kadhaa walilazwa hospitali kwa kushukiwa sukari baada ya kuchoma kalamu bandia. Ilishukiwa kwamba ndani yake ilikuwa insulini. Kama huko kwenye ukaguzi mkali bandia zimepenya, vipi zile zinazouzwa pamoja na mafuta ya kujipaka? Kwetu Tanzania anayesajili dawa ni TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa hizi ni za cheti, nazo hutolewa na famasi yenye kibali. Anayekuuzia bila kukuuliza una ugonjwa gani hajakurahisishia kazi.

Je, inapunguza kweli?

Inapunguza. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 wenye unene, wasio na kisukari, walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliochomwa semaglutidi walipungua kwa wastani wa asilimia karibu 15 ya uzito wao. Waliochomwa maji yasiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Kwa mtu wa kilo 100, hizo ni kilo 15 dhidi ya kilo mbili na kidogo. Wenye kisukari hupungua chini ya hapo: katika utafiti mwingine wa mwaka huo huo walipungua asilimia 9.6. Na mwaka 2023 utafiti wa watu 17,604 wenye unene na ugonjwa wa moyo au mishipa ulionyesha kwamba dawa hii ilipunguza kwa asilimia 20 matukio ya mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya namna hiyo. Hilo ni jambo kubwa, na hatuna sababu ya kulificha.

Lakini yapo mambo mawili ambayo muuzaji wa mafuta hakuyasema. Moja, wale wa tafiti mbili za kwanza walikuwa wakishauriwa pia juu ya chakula, na wale wa utafiti wa kwanza walihimizwa wafanye mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. La pili ni zito zaidi. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuiacha dawa, theluthi mbili ya uzito uliotoka ilirudi. Kwa maneno mengine, dawa hii haifanani na dawa ya minyoo, kwamba unakunywa umemaliza. Inafanana na vidonge vya shinikizo la damu: hufanya kazi kwa muda unaoitumia. Wegovy ilipotoka mwaka 2021 bei yake Marekani ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Hata bei ikishuka, mtu ajiulize kama ataweza mwezi wa tano, na mwaka wa tatu. Binti wa mama alinunua kalamu moja. Baada ya hapo hakuwa na mpango.

Shirika la Afya Duniani lilitoa Desemba 2025 mwongozo wake wa kwanza juu ya dawa hizi kwa watu wazima wenye unene wa kupindukia. Limekubali zitumike kwa muda mrefu, kwa masharti, pamoja na mabadiliko ya chakula na mazoezi, isipokuwa kwa wajawazito. Mwanamke anayetaka kupata mimba huacha semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Asiguse dawa hii pia mtu ambaye yeye au ndugu zake wa damu wamewahi kuwa na aina fulani ya saratani ya tezi la shingo. Daktari atauliza, mjibuni ukweli. Na yeyote anayeitumia akapata maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, yanayochoma hadi mgongoni, aende hospitali upesi, maana yaweza kuwa kongosho limevimba.

Juu ya kukonda

Liko jambo la kwetu ambalo haliandikwi kwenye boksi. Huko zilikotengenezwa dawa hizi, mtu akipungua husifiwa. Hapa kwetu akipungua ghafla majirani wanahesabu vidole: anaumwa nini huyu, kafiwa, au ana ule ugonjwa? Mwenye mwili tunasema amenawiri, mume wake anamtunza. Wazee wetu waliosikiliza redio kwenye vikundi vya Mtu ni Afya mwaka 1973 walijifunza malaria, safura na kichocho. Walipofika Chakula ni Uhai mwaka 1975, hofu kubwa ilikuwa utapiamlo wa kukosa chakula. Hofu hiyo bado ipo. Lakini siku hizi kwenye kijiji kimoja wapo watoto wenye utapiamlo na watu wazima wenye kisukari, pengine nyumba moja. Hatuoni sababu ya kumcheka anayetaka kupungua, wala anayekataa. Unene si uvivu. Mwili ukishazoea uzito fulani huupigania, huongeza njaa kila mtu anapojinyima, na ndiyo maana wengi wamejaribu wakashindwa kabla hata sindano hazijafika.

Kinachotupa wasiwasi ni anayepungua ovyo. Kilo zinapotoka, sehemu yake ni nyama ya misuli, siyo mafuta peke yake. Mtu mzima asiyekula maharage, dagaa au mayai, na asiyetumia viungo vyake, ataweza kupungua kilo na bado ashindwe kuinuka kwenye kigoda. Na mama yetu alitaka kushika jembe.

Alivyofanya

Tulikwenda naye kliniki siku ya wagonjwa wa sukari. Aliibeba kalamu kwenye chupa yenye kifuniko kigumu, sindano zikiwa ndani, zisimchome mtoto wala kutupwa shimoni. Tabibu aliipokea akaiteketeza pamoja na taka za hospitali. Hakumkaripia. Alimpima, akabadilisha kidonge cha sukari akampa metformini, akamwambia unene wake unastahili matibabu na kwamba atamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa hospitali ya mkoa. Huko ndiko itakakoamuliwa kama sindano inamfaa na kama ataimudu. Kwa sasa ameacha soda za stendi, chai anakunywa bila sukari, na anatembea kwenda sokoni badala ya bodaboda. Mwezi wa kwanza amepungua kilo moja na nusu. Binti alilia kwenye simu. Mama akamwambia, "Usilie mwanangu, ulinipenda. Ila siku nyingine nitumie na karatasi yake, nitaisoma."

Kazi ya kikundi

Pimeni uzito na kimo cha watu watatu wanaokubali. Zidisheni kimo kwa kimo, kisha gawanyeni uzito kwa jibu hilo. Kwa mama: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 92 gawanya kwa 2.56 ni karibu 36. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Je, mama akifika kilo 72, jibu litakuwa ngapi?

Kila mmoja alete boksi moja la dawa yoyote iliyoko nyumbani. Tafuteni jina la dawa yenyewe chini ya jina la biashara, kipimo, nyuzi za joto, na tarehe ya mwisho. Zilizopita tarehe zipelekwe zahanati siku hiyo hiyo.